Nyeusi ya Siku Kumi

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimefika salama, sanduku limefika salama, makopo yako tisa yamefika salama. Kilichoumia ni mgongo wangu, kwa kuwa uliyafunga kwenye maboksi mawili ili "nisawazishe mzigo". Mwambie Mama nakula vizuri, na yeye goti lake alionee huruma, aache kupanda ngazi za watu kutafuta habari.

Najua simu hutaki. Umesema mambo ya rangi yaandikwe yasije yakabishaniwa. Haya, naandika.

Nyumba ya wageni ina vyumba kumi na vinne vinavyotazamana kwenye ukumbi mrefu, sakafu ya saruji, dirisha moja kila mwisho. Mvua inanyesha kila siku kuanzia saa nane. Mwenye nyumba ni muuguzi mstaafu. Wafanyakazi wanamwita Mama Funguo, maana anatembea na mafungu mawili ya funguo kiunoni, unamsikia kabla hujamwona. Anataka milango myeusi, fremu za kahawia na namba nyekundu. Wageni wa kwanza wanaingia tarehe 5 Julai, na siku hiyo atakuja msimamizi wa maktaba ya mji kuangalia kazi yangu. Maktaba ina milango thelathini na mmoja. Akiridhika, ni yangu yote.

Sasa malalamiko. Fremu ya kahawia niliyopaka Jumatatu ilikauka Jumatano. Mlango mweusi wa chumba hicho hicho, siku hiyo hiyo, mafuta yale yale ya kitani, leo siku ya sita bado unanata. Fundi umeme ameegemea chumba namba mbili akaondoka na nusu ya mlango mgongoni. Mama Funguo ameniuliza, "Huyo mjomba wako anasaga rangi au anapika jamu?" Nisaidie.

Mpwa wako

19 Machi

Bi Haraka,

Marahaba. Hapa wote wazima. Goti la mama yako linauma asubuhi, likifika saa za kwenda kusengenya linapona. Ndugu yako amefaulu hesabu, sijui alikaa karibu na nani. Paka wa jirani amezaa ndani ya boksi la brashi. Nimewaachia boksi.

Mwambie Mama Funguo kwamba jamu hukauka mapema zaidi.

Haya nilikueleza ukiwa na miaka kumi na tisa, ukaitikia "ndiyo Mjomba" huku ukitazama dirishani. Narudia. Mafuta ya kitani hayakauki kama nguo kwenye kamba. Nguo inatoa maji. Mafuta yanaingiza hewa, yanashikana taratibu mpaka yanakuwa kitu kigumu. Unga wa rangi unaoyachanganya nao ndio unaoamua mwendo. Kahawia yetu ni udongo wenye madini, na madini yale yanayakimbiza mafuta, ndiyo maana siku mbili. Nyekundu yetu siku sita. Nyeusi ni masizi matupu. Masizi yanakunywa mafuta kuliko unga wowote, halafu yanayazuia yasishikane. Siku kumi. Nimeisaga miaka thelathini na minane na haijawahi kukauka siku ya tisa.

Sheria ni moja. Cha chini kikauke upesi, cha juu kichelewe. Ukigeuza, cha juu kitakuwa kigumu wakati cha chini bado kinajongea, na kitapasuka mbele ya macho yako. Kwa hiyo mikono miwili ya nyeusi, yaani kuipaka mara mbili, na baina yake siku kumi. Sijaandika "kama kumi". Nakujua.

Fundi umeme mpe tapentaini, na umpe pole.

Mjomba wako

20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kwa habari ya hesabu. Mwambie huyo mtoto mwingine wa dada yako kwamba mimi nilizifaulu bila kukaa karibu na mtu. Paka wangapi? Mama asiniletee hata mmoja.

Milango kumi imekwisha, mikono miwili kila mmoja. Nasema ukweli, maana ukisifiwa unakuwa mgumu kuishi nawe, lakini naomba uvumilie: nyeusi yako ikikauka haing'ai juu tu. Unaitazama na jicho linaendelea kuingia. Mama Funguo jana alisimama mbele ya chumba namba saba mpaka funguo zikaacha kulia. Kisha akasema, "Kumbe jamu inafaa."

Bado namba kumi na moja hadi kumi na nne. Nimebakiwa na nusu kopo ya nyeusi na robo ya kahawia. Nitumie makopo mawili ya nyeusi, moja la kahawia, na kopo dogo la nyekundu. Basi linafika hapa Alhamisi. Usichelewe kama rangi yako.

Mpwa wako

9 Mei

Bi Haraka,

Marahaba. Wote wazima. Makopo manne hayo hapo. Nimechelewa kwa sababu ya shughuli. Tumia kama kawaida.

Mjomba

17 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu nikidhani nimeangusha ukurasa. Wiki tatu nasubiri, unaniletea maneno machache na mwandiko uliolala chali. Shughuli gani? Wewe na shughuli mlikutana lini? Hata matusi hakuna. Nimeanza kuogopa kwamba umenisamehe.

Lakini hilo naliacha, kwa sababu kuna la ajabu zaidi. Nilikuwa nimepaka mkono wa kwanza kwenye milango minne ya mwisho kwa ile nusu kopo iliyobaki. Makopo mapya yalipofika, nikapaka mkono wa pili siku ile ile. Asubuhi ya pili nikapita na ndoo, nikagusa namba kumi na moja kwa mazoea tu. Kavu! Nikagusa kumi na mbili. Kavu. Mjomba, nyeusi! Umeiombea dua au umeitisha?

Mama Funguo ana furaha, anasema kumbe mjomba wako alikuwa anatuchezea. Mimi pia nina furaha, ila naomba unieleze umefanya nini, niandike kwenye daftari. Kama ulikuwa na siri hii miaka thelathini na minane huku mimi nikilinda milango isiguswe, tutagombana.

Mpwa wako

29 Mei

Bi Haraka,

Marahaba. Mama yako amenunua viti vinne kwa ajili ya wageni ambao hawajaalikwa. Paka ni watano, mmoja ana mkia mfupi na tabia yako. Ndugu yako anataka kujifunza useremala, wiki iliyopita alitaka kuwa rubani. Paa la karakana limezibwa. Jirani wa duka la vioo amehamia upande wa pili wa barabara, sasa tunasalimiana kwa kupiga kelele. Kumekuwa na joto.

Kuhusu nyeusi, ni hewa ya huko. Mahali pengine hewa inaingia vizuri zaidi kwenye mafuta.

Nina swali dogo. Baina ya mkono wa kwanza na wa pili ulisubiri siku kumi?

Mjomba wako

7 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nifikishie salamu kwa Mama, kwa viti, na kwa paka mwenye tabia yangu.

Milango minne imepasuka.

Ilianza namba kumi na moja, mistari miembamba karibu na kitasa. Nikadhani ni vumbi, nikafuta. Siku mbili baadaye ilikuwa mipana kiasi cha kuingiza ukucha, na rangi imejikunja kingoni. Sasa minne yote imekuwa kama tope la dimbwi lililokauka. Mama Funguo hajapiga kelele, na hilo ndilo linalonitisha. Ameweka kiti mbele ya namba kumi na moja, na juu ya kiti ameweka chungu cha maua. Kisha akaniambia, "Maktaba wanakuja tarehe tano, mwanangu. Maua ninayo chungu kimoja tu."

Ndiyo, nilisubiri.

Sasa na mimi nina swali dogo. Hewa ya hapa ni ile ile ya mwezi wa tatu, na nyeusi yako ya mwezi wa tatu ilichukua siku kumi. Kahawia mpya nimepaka kwenye fremu: asubuhi ya pili, kavu. Nyekundu mpya kwenye namba: asubuhi ya pili, kavu. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba hawa watatu hawajawahi kukubaliana jambo. Leo wote wanakauka kwa wakati mmoja, kama wanafunzi waliosikia kengele. Nyeusi inang'aa juu, jicho linagonga na kurudi. Na chini ya kopo, nikilipindua, kuna michirizi mipya iliyomwagika kwa nje, na wewe hujawahi kumwaga tone.

Nani amesaga rangi hii, Mjomba?

Mpwa wako

15 Juni

Bi Haraka,

Marahaba. Wote wazima isipokuwa mimi.

Hakuna aliyeisaga. Ni ya kiwandani. Nimenunua duka la vifaa, nikaimimina kwenye makopo yangu. Kiwandani wanatia dawa ya kukausha katika kila rangi, ndiyo maana zote zinasikia kengele moja. Nilimwaga kwa sababu namimina kwa mkono wa kushoto. Bega la kulia halipandi juu ya meza tangu mwezi wa pili. Makopo uliyoondoka nayo nilikuwa nimeyasaga kabla ya mwaka mpya. Daktari amesema nisisage tena. Amesema mengine pia, ila hilo ndilo nililolisikia.

Sikukuambia kwa sababu ungemwambia mama yako, na dada yangu akijua atafunga karakana kwa kufuli lake mwenyewe na kunikalisha kwenye kimojawapo cha vile viti vinne. Niliona makopo manne hayataonekana kati ya kumi na matatu. Nilisahau kwamba nilikufundisha kugusa.

Hilo ni langu. Sasa lako. Ungesubiri siku kumi, rangi ya kiwandani juu ya nyeusi yangu ingeweza kutoa nyufa nyembamba, baada ya miezi, na pengine zisionekane. Ufa wa kuingiza ukucha katika wiki tatu, ukiwa na kingo zilizojikunja, maana yake cha chini kilikuwa laini kama siagi. Hukusubiri kumi. Ulisubiri tano. Nikikuonea huruma nasema sita. Kwa hiyo tumedanganyana sawasawa, na milango ndiyo imesema ukweli.

La kufanya: kwangua minne mpaka kwenye mbao. Safisha kwa msasa. Kisha nunua nyeusi ya kiwandani hapo mjini, paka mikono miwili, itakauka kwa siku mbili, utamaliza mapema. Haitapasuka, kwa kuwa chini na juu ni mwendo mmoja. Msimamizi wa maktaba si mchoraji. Hataona.

Mjomba wako

17 Juni

Mjomba,

Shikamoo, na pole ya bega. Pole ya kweli, siyo ile ya fundi umeme.

Zilikuwa tano. Zisigeuke sita kwa huruma yako.

Nimekwangua, nilianza hata kabla barua yako haijafika. Siku moja na nusu, mimi na kisu cha kukwangulia na Mama Funguo akishika taa na kunisimulia wagonjwa waliokuwa wabishi kama wewe. Ana orodha ndefu. Anasema wanaume wenye bega bovu wana kawaida ya kusema "shughuli".

Lakini ya kiwandani sitaki. Milango kumi jicho linaingia, milango minne jicho linarudi, yote kwenye ukumbi mmoja, inatazamana. Msimamizi wa maktaba hataona? Mimi nitaona. Na akiniambia nipake milango thelathini na mmoja ya maktaba, nitampakia ipi?

Nimehesabu. Robo kopo ya kahawia yako ya zamani bado ninayo. Leo nimeipaka iwe mkono wa kwanza kwenye minne yote. Keshokutwa itakuwa kavu. Ya chini inakauka upesi, ya juu itachelewa, ni sheria yako. Nikiongeza mkono mmoja wa nyeusi nzito tarehe ishirini na mbili, siku kumi zinaisha tarehe pili Julai. Nafasi ipo.

Kinachokosekana ni nyeusi. Nitumie jiwe lako la kusagia.

Najua unavyolipenda. Najua hujamruhusu mtu kulishika, hata kulihamisha wakati wa kufagia. Sikuombi ruhusa ya kulipenda. Nitumie jiwe la chini na la mkononi, mfuko wa masizi, na mafuta. Nitasaga mwenyewe. Ukikataa nitajua kwamba ungeona rangi yako ikipotea kuliko kumwona Bi Haraka akiigusa, na hilo nitaliandika, ili lisije likabishaniwa.

Mpwa wako

19 Juni

Bi Haraka,

Marahaba.

Jiwe liko kwenye basi la leo. La chini lina uzito wa kilo ishirini na sita. Nimeliweka kwenye godoro la mtoto na kumwambia kondakta ni jiwe la kaburi la jamaa, ili asilikalie. Ukimkuta ana huzuni, itikia tu.

Sikulala vizuri, ila hilo si la barua.

Masizi ni mepesi kuliko unavyofikiri. Funga dirisha, usipige chafya, jifunge kitambaa puani. Kwanza yalowanishe kwa tone la pombe kali ya dukani, la sivyo yataelea juu ya mafuta na kukucheka. Kisha mafuta, kidogo, halafu kidogo tena. Utaona ni makavu mno, utataka kuongeza. Usiongeze. Chukua fungu la ukubwa wa yai, weka katikati, zungusha jiwe la mkononi kana kwamba unaandika namba nane, kutoka kiunoni, siyo begani. Mimi nilisaga kutoka begani, na umeona. Nusu saa kila yai. Kwa milango minne ni mayai kumi na mawili. Rangi ikiacha kukwaruza na kuanza kunong'ona, imekwiva.

Hutaifanya vizuri mara ya kwanza. Mimi ya kwanza niliitupa. Wewe huna nafasi ya kutupa.

Mjomba

8 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika kwa sababu vidole havikunjiki. Masizi yako kwenye masikio, kwenye chai, na kwenye barua hii kama unavyoona. Kondakta alinipa mkono wa pole kwa muda mrefu sana, nikalia kidogo kwa heshima.

Mayai ya kwanza mawili yalikwaruza kama mchanga. Niliyarudisha kwenye jiwe. La tano lilianza kunong'ona. Kufika la nane nilikuwa nazungumza nalo, Mama Funguo akaniletea maji na kuniangalia kwa jicho la muuguzi. Nilipaka tarehe ishirini na mbili. Sikugusa. Narudia, Mjomba, sikugusa. Nilitembea ukumbi ule siku tisa huku mikono nikiwa nimeiweka mfukoni. Siku ya kumi nikagusa: bado. Nikakaa sakafuni. Siku ya kumi na moja: kavu.

Tarehe tano msimamizi wa maktaba alikuja. Ni mwanamke mfupi, anavaa miwani miwili kwa zamu. Alitembea hadi mwisho wa ukumbi na kurudi, akasimama namba kumi na moja, akaweka kiganja. Akauliza, "Nyeusi hii amesaga nani?" Nikasema mimi. Nilijisikia vibaya kidogo, kisha nikazoea. Naanza maktaba mwezi ujao.

Kwa hiyo jiwe halirudi. Huko linakaa bure, huku lina milango thelathini na mmoja. Masizi na unga mwingine unitumie kidogo kidogo, na kila nitakachosaga nitakuletea sampuli uikosoe. Leo nakutumia kopo dogo la nyeusi. Paka ubaoni, uniambie.

Mama anajua kuhusu bega. Usiniulize kajuaje. Muulize mtu aliyeandika bahasha mbili siku moja.

Mpwa wako

19 Julai

Bi Haraka,

Marahaba. Dada yangu amekuja na kufuli, kama nilivyosema. Hakulifunga. Aliona meza tupu mahali palipokuwa na jiwe, akakaa, akaniuliza kama nimekula. Sasa ananisimamia mazoezi. Napandisha vidole ukutani kila asubuhi, kama mjusi mwenye umri wangu. Jana vimefika kwenye swichi ya taa. Ameweka alama ya chaki na tarehe.

Siku kumi na moja ni nyingi. Uliongeza mafuta baada ya mimi kusema usiongeze, kwenye yai la kwanza na la pili, yalipokwaruza. Usibishe. Kwa maktaba utapunguza, na chumba chenye dirisha la upande wa mvua utakipaka mwisho. Masizi nimeyafunga, yanakuja Alhamisi pamoja na mfuko wa kahawia. Wateja wanaokuja hapa nawapa anwani yako. Nawaambia fundi ni mkali na hapokei wenye haraka.

Kopo lako lilifika tarehe kumi. Kesho yake nikapaka ubao mmoja kwa mkono wa kushoto, kingo zimepinda, usinicheke. Nimeusimamisha dirishani. Leo ni siku ya nane. Nimeugusa asubuhi: unanata. Nimeugusa tena mchana, bila sababu yoyote ya kikazi.

Mjomba wako